Kipimo cha Kumi na Saba

Jumanne saa sita mchana, nikiwa na kijiko mkononi, binti yangu alinipigia simu kuniambia kwamba keshokutwa, siku ya ukaguzi, yeye ndiye atakayepanda. Nilimuuliza apande wapi, ingawa nilikuwa nimeshamwelewa. Akacheka. Kwenye ngazi yenu, Baba, akasema. Baba Mapacha ameteguka mguu na mkuu wa kituo amenipa mimi nafasi yake. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeingojea nafasi hiyo kwa muda mrefu. Nikampongeza, nikamwambia ale vizuri, nikakata simu. Kijiko nilikirudisha kwenye sahani na hamu ya chakula ikawa imenitoka.

Mimi ni mpimaji. Nikisema hivyo watu huniuliza viwanja vinauzwaje siku hizi, nami nimechoka kuwaeleza. Sipimi ardhi. Napima vitu vinavyonesa: madaraja, minara, mabomba marefu, chochote ambacho upepo au mguu wa mtu unaweza kukitikisa. Nimeifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja katika karakana ileile, na wenzangu wanasema nina ulimi mkali, hasa mtu akigusa nyaya zangu bila ruhusa. Wanasema kweli.

Ngazi aliyoizungumzia binti yangu ilikuwa ya gari la zimamoto la kituo anachofanyia kazi, na Baba Mapacha ni askari mwenzake. Ni ngazi ya chuma, ya zamani, inachomoka vipande vinne mpaka inafika mita thelathini, na kileleni ina kikapu cha kusimama watu wawili. Ikinyooshwa yote inanesa. Askari akijigeuza tu huko juu, kikapu kinakwenda na kurudi karibu nusu dakika, naye hawezi kumshika mtu aliye dirishani mpaka kitulie. Karakana yetu ilipewa kazi ya kuituliza: vihisi vya mtikisiko kileleni, kompyuta chini, na pampu inayousukuma mguu wa ngazi kidogo kidogo kinyume cha mneso. Mkataba ulisema ngazi itulie ndani ya sekunde nne.

Aliyetengeneza kidhibiti, yaani ile programu inayoamua pampu isukume lini na kwa nguvu gani, ni Daktari. Udaktari wake ni wa chuo kikuu, hata kidonda hawezi kukifunga, lakini kwa hesabu hana mpinzani. Sasa, kompyuta yake haiijui ngazi ya chuma. Inaijua ngazi iliyo kwenye hesabu zake, na hizo mbili hazifanani kabisa, kwa sababu chuma hupata joto, grisi hukauka, kikapu huwa kitupu au huwa na mzigo. Kazi yangu ni kumwambia zinapishana kiasi gani, kwa asilimia, pale zinapopishana zaidi. Hiyo ndiyo namba ya shaka. Nikimpa namba kubwa, anatengeneza kidhibiti chenye woga, kinachosukuma polepole, na ngazi inachelewa kutulia. Nikimpa namba ndogo, kidhibiti kinakuwa kikali na chepesi, na kila mtu anafurahi. Ila ngazi ya kweli ikipishana na ile ya hesabu kuliko nilivyosema, kidhibiti kikali kitasukuma pale kinapotakiwa kuvuta, na badala ya kuutuliza mneso kitauongeza.

Nilimpa kumi na mbili.

Vipimo vilikuwa ishirini na vitano. Kila kimoja nilikipiga kwa mkono wangu, kwa ile nyundo yenye kichwa cha mpira mgumu inayojua yenyewe imepiga kwa nguvu gani, na kikapuni nilifunga magunia mawili ya mchanga, kilo themanini kila moja, kuwa badala ya watu. Ishirini na vinne vilikaa chini ya kumi na mbili. Cha kumi na saba kilitoa kumi na tisa. Siku hiyo fundi umeme wetu alikuwa amepanda kuchomeka waya wa kihisi uliolegea, nami nilikuwa nimeyatoa magunia ili apate nafasi. Waya ukakaa, yeye akabaki huko juu anazungumza na simu, nami, nikidhani ameshashuka na magunia yamerudishwa, nikapiga. Nilipomwona nilimshusha kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sheria inakataza mtu kuwa kikapuni wakati wa kupima. Niliiandika mimi mwenyewe hiyo sheria. Kwa hiyo kwenye daftari nikaandika: mtu kikapuni, futa. Nikarudisha magunia, nikapiga upya, nikapata kumi na moja.

Wiki tatu zilipita baada ya hapo nikila na kulala vizuri.

Jumanne hiyo, baada ya simu, nililifungua daftari. Sikulitafuta lile neno, jicho lilienda lenyewe. Nikaifungua na ile grafu kwenye kompyuta, maana sijawahi kufuta kitu kwa kweli, nafuta kwenye taarifa tu. Mikunjo ishirini na minne ilikuwa imelaliana kama nywele zilizochanwa. Mmoja ulikuwa umejitenga, kilele chake kimesogea kushoto na kutanuka. Grafu ya nyundo iliyoteleza haiwi hivyo. Grafu iliyoharibika huwa na vurugu, na hii ilikuwa safi.

Nikaenda kwa Daktari. Chumba chake kina meza moja, ubao mweupe uliojaa hesabu na kikombe cha chai ambacho hakijawahi kuoshwa. Nikamwekea daftari mbele yake, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma mara mbili. Aliniuliza nilikifuta kwa sababu gani, nikamwambia kwa sababu ya sheria. Angekuwa mtu mwingine angenipandishia sauti, yeye alivuta tu kiti na kuanza kuandika kwenye kompyuta.

Aliiweka humo ngazi yenye shaka ya kumi na tisa, akaiwashia kidhibiti chetu cha kumi na mbili. Mstari wa kikapu ulianza kupanda na kushuka. Sekunde ya pili ukapungua. Ya tatu haukupungua. Ya tano ulikuwa unarefuka, taratibu, na ilipofika ya kumi ulikuwa umetoka nje ya kioo.

"Hiyo kwa mita ni ngapi?" nikamuuliza.

"Mita moja na nusu kila upande, Mzee. Na bado inaongezeka."

Akasema kuna kitufe cha kuzima. Nikamuuliza aliye juu atakuwa anashika nini wakati sisi tunakitafuta.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mbele ya Meneja. Meneja si mtu mbaya, ila ana presha, na kamati ya ukaguzi ilikuwa inakuja Alhamisi saa tatu. Alisikiliza huku anazungusha kalamu. Kisha akaja juu. Vipimo ishirini na vinne vinasema hivi, akasema, kimoja kinasema vile, na hicho kimoja kilipigwa wakati fundi umeme anapiga soga. Mnataka niwaambie kamati kwamba tumeogopa soga? Akanikumbusha kwamba karakana ikishindwa kazi hii tutamwaga unga wote, kuanzia yeye. Halafu akasema jambo la haki: leteni ushahidi kabla ya jioni.

Ushahidi ulikuwa wa namna moja tu, kupima tena mtu akiwa kikapuni, kidhibiti kikiwa kimezimwa. Bila kidhibiti hakuna hatari, ngazi inanesa yenyewe na kutulia. Lakini sheria yangu ilikuwa pale pale, na sikuwa na uso wa kumwomba mtu mwingine aivunje. Nikasema nitapanda mimi, Daktari apige nyundo.

Sikuwahi kupanda. Miaka thelathini na moja nimevipima virefu nikiwa chini, na sikuona haya. Walinifunga mkanda, wakanipandisha, na kila kipande cha ngazi kilipochomoka nilisikia mlio wake kwenye meno. Juu kabisa hakukuwa na sauti. Uwanja wa kituo ulikuwa chini yangu na Daktari alikuwa kofia. Nilijikaza. Nilishika chuma cha kikapu kwa mikono miwili, nikafumba macho. Nyundo ilipogonga niliisikia nyayoni, na kikapu kikaanza kwenda na kurudi, nami nikawa naomba kimoyomoyo kama mtoto. Daktari alipiga mara tano.

Nilipofika chini nikakaa kwenye lami. Daktari alinisogelea na karatasi. Kumi na tatu. Zote tano, kumi na tatu na kitu.

Meneja alicheka kwa furaha, akanipiga bega. Akasema mtu ni gunia tu, sema gunia halidai likizo. Daktari akasema kumi na tatu tunaweza kuivumilia, kidhibiti kina nafasi kidogo. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi kuliko wote. Nilitaka iwe kumi na tatu. Nilitaka kurudi nyumbani, nile, nilale, na kesho nimtazame mwanangu akipanda na kushuka. Nilikuwa nimeshaanza kuamini.

Kilichonizuia ni viganja vyangu. Nilipovifungua vilikuwa na alama nyekundu za kile chuma, zimezama hasa, na magoti yalikuwa yananiuma kwa nyuma kama ya mtu aliyesimama gwaride siku nzima.

Binti yangu alifika saa nane kwa mazoezi. Nyumbani namwita Mama, kwa sababu ana jina la mama yangu. Kituoni wanamwita Koplo. Alikuwa ameshasikia kwamba nimepanda, na alikuja akicheka toka getini. Akaniuliza nilisimamaje huko. Nikamwonyesha: miguu pamoja, magoti yamekazwa, mikono imeng'ang'ania.

"Baba, huko juu hakuna anayesimama hivyo. Ukisimama hivyo unatapika," akasema. "Unatanua miguu, unalegeza magoti, unaiacha ngazi iende chini yako. Mwili wenyewe unajua."

Akanionyesha pale pale kwenye lami. Alikuwa anashuka na kupanda kidogo kidogo, kiwiliwili kimetulia, magoti tu ndiyo yanayofanya kazi. Nikamtazama, nikaelewa. Mimi kweli nilikuwa gunia huko juu, Meneja hakukosea. Gunia halina magoti. Fundi umeme anayeongea na simu anayo, na askari anayefanya kazi yake anayo zaidi, na mtu aliyelegeza magoti ni springi iliyowekwa juu ya springi.

Nilimwomba apande. Nilimwambia kidhibiti kimezimwa, nikahakikisha mwenyewe kwamba kimezimwa, nikarudi kuhakikisha tena, mpaka Daktari akauchomoa ule waya na kunipa niushike. Nikautia mfukoni. Kisha nikaichukua nyundo, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aipige ngazi aliyosimama mwanangu.

Nilipiga. Huko juu kikapu kilikwenda na kurudi na yeye ndani yake, mdogo, magoti yamelegea, ametulia kabisa. Nilihesabu mpaka kilipotulia ndipo nikavuta pumzi. Nikapiga tena, na tena. Kipigo cha nne kilibidi kirudiwe.

Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

Meneja alizitazama zile namba, akanitazama mimi, akamtazama Daktari. Alijaribu kusema kwamba huyo ni askari mmoja tu, labda mwingine husimama vingine. Daktari, ambaye sijawahi kumsikia akibishana na mtu, alisema hatawasha kidhibiti cha kumi na mbili kukiwa na mtu juu, na kama Meneja anataka kiwashwe basi akiwashe yeye na apande yeye. Meneja akashika tama. Kisha akauliza tukiweka ishirini na tano ngazi itatulia kwa sekunde ngapi. Saba, akasema Daktari, na kidogo.

Alhamisi kamati ilikuja na saa zao za kuhesabia. Meza ya kompyuta ilikuwa chini ya turubai, nami nilikaa hapo. Binti yangu alipanda na kidhibiti kipya kikawashwa. Ninaijua hesabu yote ile. Nilikuwa nimeipitia na Daktari mstari kwa mstari, na bado roho yangu ilikuwa mkononi. Wakamwambia ajitikise, akajitikisa. Kikapu kikaenda kulia, kikarudi, pampu ikaguna, kikaenda kidogo, kikarudi kidogo zaidi. Sekunde ya tatu nilikuwa natazama tu kama kinapungua au hakipungui. Kilipungua. Saba na nukta tatu. Wakarudia mara sita, wakaandika kwamba haijakidhi mkataba, wakatupa mkono wa kwaheri na kuondoka. Meneja aliingia ndani ya gari lake akakaa humo bila kuliwasha.

Binti yangu alishuka, akavua mkanda, akaja chini ya turubai. Nilidhani atanikumbatia. Alivuta kile kiti cha plastiki akakaa mbele yangu, na alikuwa hacheki.

Alianza na zile sekunde. Sekunde saba huko juu ni nyingi, akasema, kama kuna mtu dirishani na moshi nyuma yake. Nikamwambia najua. Akasema anajua kwamba najua, na kwamba angechagua saba kuliko ile nyingine, hilo si tatizo. Akatazama mikono yake.

"Daktari ameniambia kile kipimo kina wiki tatu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na wiki zote hizo aliyekuwa apande ni Baba Mapacha."

Alisubiri. Anajua kusubiri, kazi yake imemfundisha.

"Baba, kama nisingechaguliwa mimi, ungekitoa hadharani?"

Ningeweza kumwambia habari ya sheria. Ningeweza kumwambia nilisahau, maana nina miaka hamsini na nane na mtu wa umri wangu husamehewa kusahau. Nilimtazama usoni nikaona kwamba anataka sana nimwambie ndiyo, na hilo ndilo lililonichoma.

"Nisingekitoa," nikasema. "Nilikiona siku ileile kwamba ni safi. Nilikaa nacho kimya."

Macho yake yalijaa maji, akayafuta kwa mkono wa gwanda, harakaharaka, kama anayefuta vumbi. Kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa uwanja, kwenye gari kubwa la maji.

"Yuko pale," akasema. "Kamwambie."

Nilinyanyuka. Uwanja ule una hatua kama sitini na sijawahi kuuona mrefu hivyo. Baba Mapacha alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, mguu wenye bendeji ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni mtu mnene, mpole, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akinisalimia kila asubuhi na kuniuliza ngazi yetu imeamkaje. Aliponiona alitaka kusimama, nikamzuia. Akanipa shikamoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Habari zilikuwa zimemfikia, sehemu yake. Akanishukuru. Akasema amesikia nilivyopigana mpaka kidhibiti kikabadilishwa, na kwamba mke wake amesema lazima siku moja nije nyumbani wanione, kwa sababu wengine wangenyamaza.

"Nilinyamaza," nikamwambia. "Wiki tatu. Namba ilikuwa kwenye daftari langu, na aliyekuwa apande ni wewe. Nimeitoa Jumanne, niliposikia kwamba atapanda mwanangu."

Hakuuachia mkono wangu mara moja. Ilichukua muda, kama vile mikono yake ilikuwa haijasikia bado. Kisha akaiondoa, akaiweka juu ya mapaja yake.

"Siku ambayo ningepanda mimi, wewe ungekuwa umesimama wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha meza ya kompyuta, chini ya turubai, ambapo binti yangu alikuwa bado amekaa. Akageuza shingo akapatazama. Akatazama juu, kwenye kikapu, ambacho hawakuwa wamekishusha bado. Akarudi kuitazama tena ile meza, kwa muda mrefu, kama anayepima umbali. Nilisimama mbele yake nikingoja aniambie niondoke, na hakuniambia.